Mfuko wa kanvasi wa kwendea sokoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanvasi ni kitambaa gani hasa?

Ni kitambaa kizito cha pamba kilichofumwa kwa nyuzi za wima na za mlalo zinazopishana, moja juu moja chini, zikabanwa hadi mwanga upite kwa shida. Baadhi ya maduka huiita turubai la pamba. Ukiomba turubai bila kutaja pamba, unaweza kuletewa lile la plastiki la kufunikia mizigo ya lori.

Vitambaa viwili hudhaniwa kuwa kanvasi. Cha kwanza ni khaki nzito, inayotambulika kwa mistari yake ya mshazari. Hiyo ni imara na mfuko wake hauna tatizo. Cha pili ni marekani, kitambaa chepesi cha rangi ya asili ambacho hutumika sana kwenye mifuko ya kugawa semina na mikutano. Kwa daftari na kalamu kinatosha, lakini kwa kilo tano za mchele na lita tatu za mafuta, mkanda utachomoka na kipande cha kitambaa.

Uzito gani wa kitambaa unafaa?

Uzito hupimwa kwa gramu kwa mita moja ya mraba, na kwenye lebo huandikwa GSM. Kwa mahitaji ya nyumbani usishuke chini ya 270. Uzito mzuri zaidi ni kati ya 340 na 410. Hapo mfuko unasimama wenyewe ukiuweka chini, na bado unakunjika ukaingia kwenye mkoba. Ukizidi 500 unapata kitu kigumu, kizito, kinachokauka polepole baada ya kufuliwa, na cherehani ya kawaida ya nyumbani itagoma kwenye makunjo.

Wauzaji wengine huhesabu kwa aunsi. Aunsi 8 ni kama gramu 270, aunsi 10 ni 340, na aunsi 12 ni takriban 407.

Muuzaji hajui GSM. Nifanyeje?

Kama ni kitambaa cha kukata, omba kipande cha sentimita 10 kwa 10, kipime kwa mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu, kisha zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 3.4 ni kanvasi ya 340. Mizani isiyosoma desimali haitoshi kwa kipande kidogo hivyo. Tumia cha sentimita 20 kwa 50 na zidisha kwa 10.

Kama mfuko umeshashonwa, upime mzima. Mfuko wa sentimita 38 kwa 38 wenye kitako cha sentimita 12 na mikanda ya kitambaa hichohicho unapaswa kuwa na gramu 200 na kitu. Ukipata gramu 90, hiyo siyo kanvasi, lebo iseme inavyosema.

Kuna ujanja mmoja wa kuuangalia kwa makini: wanga. Kitambaa chepesi hupakwa wanga mwingi kiwandani ili kionekane kigumu dukani, na ukikifua mara ya kwanza kinalegea kama leso. Kwaruza kwa kucha. Ukiona unga mweupe, au kikikunjwa kinaacha alama ya kunja inayong'aa, ugumu huo ni wa wanga. Kwa kutambua pamba halisi, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani na uuwashe. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini, wakati polista huyeyuka ikaacha kitone kigumu cheusi.

Mfuko mmoja unabeba kilo ngapi?

Ulioshonwa vizuri kwa kanvasi ya 340 unabeba kilo 10 hadi 12 kwa matumizi ya kila siku. Kitambaa chenyewe kinahimili zaidi ya hapo. Kinachoweka kikomo ni mishono ya mikanda, na bega lako. Mizigo ya ghafla huumiza mfuko kuliko mizigo mizito: kuunyakua kutoka sakafuni kwa kishindo, au kuuning'iniza kwenye usukani wa pikipiki unaopita kwenye mashimo, kunavuta mishono kwa nguvu kubwa kuliko uzito wa vitu vilivyomo. Kwenye bodaboda, upakate mapajani.

Kwa nini mkanda huchomoka wakati kitambaa bado ni kizima?

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na karibu kila mara kosa ni la ushonaji.

Mifuko ya bei ya chini hushonewa ncha ya mkanda ndani ya pindo la juu peke yake, kwa mstari mmoja au miwili. Uzito wote unategemea sentimita mbili tatu za uzi. Uzi ukikatika sehemu moja, mstari mzima unafumuka. Dawa yake ni kuteremsha ncha ya mkanda angalau sentimita 5 chini ya ukingo, ivuke pindo na kushika mwili wa mfuko, kisha kushona mraba na kushona alama ya X ndani yake. Mraba wenye X unagawa mvuto pande zote. Mshono ukifumuka upande mmoja, pande nyingine zinashika hadi ufike nyumbani na kwa fundi.

Sababu ya pili ni uzi. Uzi wa pamba wa kushonea mashati huoza kwa jasho, unyevu na jua kabla ya kanvasi yenyewe kuchoka. Tumia uzi mnene wa polista. Ya tatu haionekani kwa haraka: mishono iliyosongamana mno. Sindano ikitoboa kila milimita moja, matundu yanajipanga mstari na kitambaa kinachanika hapo kama stempu. Mishono mitatu hivi kwa kila sentimita inatosha.

Ukitaka mfuko wa mizigo mizito kweli, mwambie fundi aupitishe mkanda chini ya kitako, upande mmoja hadi wa pili, ukiwa duara moja bila ncha. Hapo uzito unabebwa na mkanda wenyewe na kitambaa kinazuia vitu visidondoke tu. Kwa mfuko wa vipimo tulivyotaja, hesabu kama mita 3.1 za mkanda wa pamba wa upana wa sentimita 3 au 4.

Nataka fundi wa mtaani anishonee. Nimpe vipimo gani?

Kwanza, kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Kanvasi mbichi hupungua kati ya asilimia 5 na 10, hasa kwa urefu. Ukiruka hatua hii mfuko utajikunja mishono baada ya kufuliwa, kwa sababu uzi wa polista haupungui pamoja na pamba.

Kwa mifuko miwili nunua mita 1.1 ya kanvasi yenye upana wa sentimita 150. Ikishapungua, bado utatoa:

- vipande viwili vya mwili, kila kimoja sentimita 53 kwa 96;
- vipande vinne vya mikanda, kila kimoja sentimita 9 kwa 75.

Kipande cha mwili hukunjwa katikati na kukunjo huwa kitako, kwa hiyo hakuna mshono wa chini wa kufumuka. Shona pande mbili kwa nafasi ya sentimita 1.5. Kanvasi hutoa nyuzi sana kwenye ukingo uliokatwa, hivyo pitisha ovaloki, au kunja ukingo ndani na kushona mara ya pili. Fundi akikuambia haina haja, msisitize. Mfuko usiotiwa ovaloki unaanza kumwaga nyuzi kwenye mchele ndani ya wiki chache, na baadaye mshono wenyewe unakosa pa kushika.

Kitako kinatengenezwa hivi. Geuza mfuko nje-ndani, bana kila kona ya chini ili mshono wa pembeni ulale juu ya kukunjo la kitako na kona iwe pembetatu. Pima sentimita 6 kutoka kwenye ncha kufuata mshono, chora mstari unaopita katikati ya pembetatu hiyo, upande hadi upande; mstari utakuwa na urefu wa sentimita 12. Shona juu yake mara mbili. Usikate pembetatu. Ilaze kwenye kitako na uishike kwa mshono mmoja, itakuwa kiraka cha bure mahali panaposuguliwa zaidi.

Mikanda: kunja ukingo mmoja mrefu ndani sentimita 1, kisha kunja kipande mara tatu ili ukingo uliokunjwa uje juu. Unapata mkanda wa kama sentimita 2.7. Shona kingo zote mbili. Pindo la juu la mfuko ni sentimita 1 ndani kisha sentimita 3. Mikanda ikae sentimita 7 kushoto na 7 kulia kutoka katikati ya kila upande, kila ncha ishuke sentimita 5, na ncha yenyewe ikunjwe isiachwe wazi. Kwa urefu huu mfuko unapita begani na kuning'inia chini ya kwapa. Kama unapendelea kushika mkononi, kata mikanda ya sentimita 48, vinginevyo mfuko utaburuzika ukitembea.

Sindano iwe namba 16 kwa kanvasi ya 270, na 18 kwa ya 340 kwenda juu. Kwenye makutano ya pindo na mkanda kuna tabaka saba au nane. Hapo fundi azungushe gurudumu la cherehani kwa mkono, polepole. Sindano nyingi huvunjika pale pale kwa sababu ya kukanyaga pedali kwa pupa. Cherehani ikiruka mishono, mara nyingi sindano ni nyembamba mno au imechoka. Kubadilisha sindano kwanza ni bora kuliko kuanza kuchezea mkazo wa uzi.

Vitu vipangwe vipi ndani?

Vizito na vigumu chini, vimelala kuelekea katikati: mchele, sukari, maharage, nazi. Chupa ya mafuta isimame ikiegemea ubavu ulio karibu na mwili wako. Nyanya, maparachichi yaliyoiva na mboga za majani juu kabisa. Mkate usimame pembeni.

Trei ya mayai 30 haiingii ikiwa imelala kwenye mfuko wenye kitako cha sentimita 12, na ukiitia kwa ubavu unajua mwenyewe kitakachotokea. Beba trei mkononi au chukua mayai machache kwenye chombo kigumu chenye kifuniko.

Sabuni ya unga isikae pamoja na unga wa ugali. Mafuta ya taa na mkaa viwe na mfuko wao, wa kudumu. Harufu ya mafuta ya taa ikishaingia kwenye pamba haitoki kwa kufua mara moja wala mara tatu.

Je, naweza kuwekea nyama na samaki?

Moja kwa moja, hapana. Kanvasi inanyonya maji ya nyama na kuyashikilia ndani ya ufumaji. Utafiti wa vyuo vikuu vya Arizona na Loma Linda nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta bakteria wengi karibu katika kila mfuko uliopimwa, na wengi wa wenye mifuko walikuwa hawaifui kabisa au ni kwa nadra. Kufua kuliwaondoa bakteria kwa zaidi ya asilimia 99.9. Kwa hiyo hatari inatokana na mfuko usiofuliwa.

Nenda buchani na chombo chenye kifuniko. Kwa samaki wabichi, kikapu cha ukindu bado ni bora kuliko kanvasi: maji yanachuruzika, na kinasuuzwa kwa ndoo moja ya maji. Dagaa wakavu wanaweza kuingia kwenye mfuko wakiwa wamefungwa kwenye karatasi, ila harufu itabaki hadi siku ya kufua.

Nifue mara ngapi, na kwa njia gani?

Mfuko wa mboga na nafaka, kila baada ya wiki mbili. Uliomwagikiwa maziwa au maji ya nyama, siku hiyohiyo.

Geuza ndani nje na kung'uta udongo wa viazi ukiwa bado mkavu, maana ukiulowesha unakuwa tope ndani ya mishono. Loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kisha sugua kwa brashi laini, hasa kwenye kona za kitako na sehemu ya mkanda inayoshikwa na mkono. Suuza hadi maji yawe safi. Usiukamue kwa kuusokota, kwani mikunjo ya kanvasi iliyosokotwa haitoki kirahisi hata kwa pasi. Uminye tu.

Uanike ukiwa bado umegeuzwa, kitako juu na mdomo chini, kwa vibanio viwili. Ukiuning'iniza kwa mikanda, maji yote yanateremka kwenye kitako, ambako kitambaa ni kinene, na hapo ndipo ukungu huanzia. Pasi ipigwe ukiwa na unyevu kidogo, isipite juu ya maandishi yaliyochapwa.

Madoa yanatokaje?

Inategemea doa, na kosa kubwa ni kutumia maji ya moto kwa kila kitu.

Damu ya nyama au samaki: maji baridi kwanza, sabuni baadaye. Joto huigandisha protini kwenye nyuzi.

Mafuta ya kupikia: nyunyiza unga wa mahindi au wanga, acha nusu saa unyonye, kung'uta, kisha paka sabuni ya maji ya vyombo moja kwa moja juu ya doa kabla ya kulowesha.

Manjano na bizari: fua, kisha anika juani doa likiwa linatazama jua. Rangi ya manjano haivumilii mwanga. Baada ya siku mbili tatu inafifia.

Utomvu wa ndizi mbichi ni adui wa kweli. Ukishakauka unakuwa kahawia na hautoki. Ukiuona ukiwa bado mbichi, osha papo hapo kwa sabuni. Njia ya uhakika ni kufunga kichane cha ndizi mbichi kwenye gazeti, upande uliokatwa ukiwa umezibwa.

Mfuko umeota vidoti vyeusi. Umeharibika?

Huo ni ukungu, na mikoa ya pwani wakati wa masika haukwepeki ukiukunja mfuko wenye unyevu na kuutia kabatini. Ukiwa mchanga, brashi kavu nje ya nyumba, kisha loweka nusu saa kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji kiasi sawa, fua na kuanika juani mchana mzima. Vidoti vilivyokaa muda mrefu huacha alama hata ukungu wenyewe ukifa. Mfuko bado unafaa kama hauna harufu na kitambaa hakikatiki ukikivuta kwa vidole gumba.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo inaweza kutumika kwenye kanvasi isiyo na rangi: kijiko kimoja cha chakula kwa lita moja ya maji, dakika zisizozidi 10, suuza sana. Ukizidisha, pamba inalegea na kuchanika. Na usichanganye kamwe klorini na siki, wala kutumia moja kabla ya kusuuza nyingine, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu.

Naweza kuupaka nta usipitishe maji?

Unaweza, lakini hatushauri kwa mfuko wa chakula. Nta huziba ufumaji na hairuhusu kufua kwa maji ya moto wala kupiga pasi, kwa hiyo usafi unakuwa mgumu. Kanvasi nzito ikilowa nyuzi zake huvimba na kupunguza upenyaji wa mvua; inatosha kukufikisha kituo cha daladala. Unga na sukari vifungwe kivyake.

Je, kweli ni bora kwa mazingira?

Ukitumika muda mrefu, ndiyo. Ukinunuliwa na kusahauliwa, hapana, na hili lisemwe wazi. Pamba hula maji, mbolea na dawa shambani. Ripoti ya Wakala wa Mazingira wa Uingereza ya mwaka 2011 ilikadiria kwamba mfuko wa pamba lazima utumike mara 131 ili mchango wake katika joto la dunia ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki uliotumika mara moja tu. Ripoti ya Denmark ya 2018 ilipata mara 52 kwa tabianchi, na 7,100 kwa kiashiria kilichokuwa kibaya zaidi, kile cha tabaka la ozoni.

Ukienda sokoni mara mbili kwa wiki, mara 131 ni mwaka mmoja na miezi mitatu. Mfuko ulioshonwa kama tulivyoeleza unavuka hapo bila shida. Ripoti hizo pia hazikulenga miji yenye mitaro iliyozibwa na nailoni, wala mbuzi na ng'ombe wanaozimeza. Kwetu hilo ndilo lililosukuma sheria ya kupiga marufuku mifuko ya plastiki. Kinachofuata ni rahisi: miwili au mitatu inatosha nyumba moja. Kabati lenye mifuko 15 ya kanvasi halijaokoa chochote.

Tofauti yake na mifuko mbadala ya dukani ni nini?

Ile inayofanana na kitambaa, inayouzwa tangu marufuku, ni polipropilini, yaani plastiki iliyobanwa kwa joto bila kufumwa. Ni nyepesi na ya bei nafuu, lakini jua huidhoofisha na ikianza kuchanika ni vigumu kuishona, kwa sababu haina nyuzi zilizofumwa za kushika mshono. Kanvasi inatiwa kiraka.

Kitako kimetoboka. Kirekebishweje?

Kata kiraka cha kanvasi au jinzi kuukuu kinachozidi tundu kwa sentimita 3 kila upande, kunja kingo, kiweke kwa ndani na ushone mzunguko mara mbili. Kama kitambaa kimechakaa kitako kizima, weka kiraka cha kitako kizima mara moja. Mkanda uliochomoka na kipande cha kitambaa unahitaji kiraka cha ndani cha sentimita 8 kwa 8 kabla ya kuushona upya. Ukirudishiwa juu ya tundu lilelile, utachomoka tena.

Sheria zinasemaje?

Kanvasi inaruhusiwa kote. Kilichopigwa marufuku ni mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa: Rwanda mwaka 2008, Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, Zanzibar ikiwa imetangulia mwaka 2006. Tanzania Bara, mtu akikutwa anatumia mfuko wa plastiki faini ni kati ya shilingi 30,000 na 200,000, au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili. Vifungashio vya plastiki vya kiwandani, kama vya vyakula na dawa, havimo kwenye marufuku ya Tanzania, kwa hiyo pakiti yako ya sukari ndani ya mfuko wa kanvasi haina kosa.